Silinda ya sumaku ya EVVA MCS mlangoni kwetu: uzoefu wangu

Ofisi yetu hapa Vienna inapokea mizigo ya Watanzania na Wakenya wanaotuma vitu nyumbani. Pamoja na mizigo, tunashikilia pasipoti na fedha za watu. Vibarua wanakuja na kuondoka, na kila anayeondoka alikuwa na ufunguo mfukoni. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi, kwa sababu ufunguo wa kawaida unachongeshwa kwa dakika chache kwenye kibanda cha fundi viatu na hakuna anayekuuliza wa nani. Tukaamua kufunga silinda, yaani ile sehemu ya kitasa inayopokea ufunguo, ya aina ya MCS, inayotengenezwa na EVVA, kampuni ya hapahapa Vienna iliyoanzishwa mwaka 1919.

Nikisema "kitasa cha sumaku", wengi wanafikiria ile milango ya maofisini inayofunguliwa kwa kadi. Hicho ni kitu kingine kabisa. Pale kuna sumaku ya umeme juu ya fremu inayoushika mlango kwa nguvu ya kilo 270 au zaidi, na umeme ukikatika bila betri ya akiba, mlango unaachia. MCS haina waya wala betri. Ni silinda ya chuma ya kuingiza ufunguo, ila ndani yake zimo sumaku.

Ufunguo wenyewe una mifereji ya kuchongwa kama funguo nyingine nzuri, lakini kwenye ulimi wake kuna vidonge vinne vidogo vya duara vilivyopachikwa kwa mstari. Kila kidonge ni sumaku, na kila kimoja kimeelekezwa upande wake kati ya pande nane. Chukua dira ndogo uipitishe taratibu juu ya ulimi huo: sindano inageuka kwenye kidonge cha kwanza, inageuka tena kwa namna nyingine kwenye cha pili, na kuendelea hadi cha nne. Macho hayaoni tofauti yoyote kati ya vidonge. Dira ndiyo inayoona.

Fundi aliyetufungia alikuwa na silinda ya maonyesho iliyokatwa ubavu, na hapo ndipo nilipoelewa kazi yote. Ndani, ubavuni mwa njia ya ufunguo, zimepangwa rota: visahani vidogo vyenye sumaku, vinavyozunguka huru bila springi. Kila kisahani kina pengo dogo pembeni. Ufunguo ukiingia mpaka mwisho, kila kidonge kinaivuta rota iliyo mkabala nacho, nayo inajizungusha hadi ncha zikubaliane. Ukiwa ni ufunguo sahihi, mapengo yote yanajipanga mahali pake, kipande chembamba cha chuma kinapata nafasi ya kuingia humo, na kiini cha silinda kinazunguka. Rota moja tu ikikaa vibaya, kile kipande kinagota, na ufunguo haugeuki. Niliomba aingize na kutoa ufunguo tena na tena, maana vile visahani vinavyogeuka bila kuguswa na chochote vinapendeza kuvitazama.

Kwenye kitasa cha kawaida, cha aina ambayo Linus Yale Mdogo aliipatia hataza mwaka 1861, kuna pini zinazosukumwa na springi. Mwizi mjuzi anazipapasa moja moja kwa waya, au anaupiga ufunguo maalumu ili zote ziruke kwa pamoja. Rota hazina springi ya kurusha. Na ukileta sumaku kubwa kutoka nje, itazivuta zote kuelekea upande mmoja, ilhali kila moja inatakiwa kuelekea kwake. Kwa hesabu ya karatasi, vidonge vinne vyenye pande nane kila kimoja vinatoa mipangilio 4,096, kabla hujagusa ile mifereji ya kuchongwa.

Kwangu mimi, hata hivyo, thamani yake kubwa iko kwenye funguo. Mashine ya kibandani inanakili umbo. Haiwezi kunakili sumaku. Nakala inaagizwa kiwandani, kwa kuonyesha kadi ya usalama inayokuja na silinda. Kadi yetu inakaa kwenye sefu ya mhasibu. Mfanyakazi akiondoka, narudishiwa ufunguo na ninajua kwamba ndio ule ule, hauna pacha.

Bei ni kubwa, mara kadhaa ya silinda ya kawaida, na ukipoteza ufunguo jiandae kusubiri. Uwe na tabia ya kuufuta kwa kitambaa, kwa kuwa sumaku inaokota chembe za chuma, hasa ukifanya kazi karibu na karakana. Usiuweke pamoja na kadi za hoteli zenye ule mstari mweusi, zinaweza kufutika. Na ukienda hospitali kupigwa picha ya MRI, uache nje kabisa.

Usinunue kabla hujautazama mlango. Fremu iliyooza au mlango wa ubao mwepesi utavunjwa kwa teke, na rota zitabaki salama ndani ya silinda. Silinda isichomoze nje zaidi ya milimita 3, la sivyo itakamatwa kwa koleo na kukatwa katikati. Weka bamba la kinga la chuma juu yake.

Ndugu wa Dar wanaoniuliza kama itafaa kwao: ndiyo, ikiwa kitasa chako kina tundu la silinda la umbo la Ulaya, lile lenye duara juu na ulimi mnene chini. Pima kuanzia katikati ya tundu la skrubu kwenda nje, kisha kwenda ndani, kila upande peke yake kwa milimita, ndipo uagize.