Nililipa nifundishwe intavyu, nikachekwa kwa kusema "mato"

Nilisema ningoje hasira zishuke ndipo niandike. Hazijashuka.

Kitambo kidogo kabla ya Maulidi nililipa shilingi 1,500 kwa mafunzo ya siku mbili ya kujiandaa kwa intavyu, hapa hapa mjini Lamu, chumba cha ghorofani. Nilikuwa nimeitwa usaili wa ualimu wa chekechea. Mengi ya mafunzo mshayasikia: fika mapema, vaa nadhifu, usijibu kwa mkato. Mimi nina la siku ya pili.

Mwalimu alitukalisha mmoja mmoja kiti cha mbele, yeye akawa ndiye msaili. Zamu yangu akaniuliza kwa nini naitaka kazi hii. Nikamjibu kwa moyo: "Nimewaona kwa mato yangu watoto wa mtaani kwetu, siku za kwanza shuleni hawatoi hata neno."

Akaangua kicheko. "Mato? Mato ndiyo nini, dada?" Akawageukia wenzangu, watu kumi na mmoja, nao wakacheka. Akanisimamisha nitamke "macho" mara tatu. Kisha akasema, "Ukisema hivyo mbele ya wasaili watajua hujasoma."

Mimi ni mzaliwa wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu. Nyanya yangu alisema mato, mamangu anasema mato. Kiunguja, lahaja ya Unguja, kilipochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, hakikugeuka kuwa ujinga. Na sera ya elimu ya Kenya yasema mtoto wa chekechea afundishwe kwa lugha ya pale anapoishi. Mtu anachukua pesa za kuandaa walimu, na hilo halijui?

Lakini nisimdhulumu. Siku ya kwanza mtu huyo huyo alinifaa sana. Nilikwenda na fomu ya C24, ile ya alama za vidole za cheti cha tabia njema, nimeichapisha karatasi mbili. Akaniambia papo hapo karudie, yatakiwa pande zote mbili za karatasi moja. Ningerudishwa, na nishalipa 1,050. Halafu akazishika karatasi zangu moja moja akazipanga kwa mujibu wa barua ya mwito: kitambulisho, cheti cha sekondari cha KCSE, cheti cha chuo, cha TSC cha usajili wa walimu, cha KRA cha kodi. Siku ya intavyu dada niliyekaa naye alikuwa akipekua bahasha na jasho lamtoka. Mimi nilitoa faili moja tu. Kwa siku ile ningempa nyota nne, na kwa furaha.

Sasa sikilizeni. Siku hiyo nilivuka kwenda Mokowe, upande wa bara, asubuhi, faili nimelifunga kwa leso lisipate maji ya boti. Maswali ya mwanzo nikayajibu vizuri. Mama mmoja katika jopo akasema: "Mtoto yuko mlangoni analia, hataki kuingia. Mwite."

Kazi ninayoifanya kila siku kwa watoto wa dadangu. Neno lililonijia ni "ndoo", ndiyo njoo ya Kiamu. Na hapo hapo nikakisikia kile kicheko. Nikalimeza. Nikasema, "Njoo, mtoto, karibu darasani," sauti kavu, ya mtu asomaye tangazo.

Yule mama akanitazama, akauliza kwa upole: "Mtoto wa hapa atakuja kwa hiyo?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nalo, "ndoo mwanangu, ndoo kwa mama", nimekuwa nalo maisha yangu yote, na nililipa 1,500 nipokonywe.

Barua haijaja bado. Pengine nitapata, karatasi zangu zilikuwa sawa, na hilo ni sifa ya yule mwalimu. Niliandika nyota tatu, nikafuta nikaandika mbili. Nikikumbuka ile "mara tatu" yake, ni moja.

Jana binti wa jirani kaniomba namba ya mwalimu huyo, naye kaitwa intavyu. Sikumpa. Nimemwambia aje na karatasi zake barazani kwetu, hiyo C24 nitamwonyesha mimi.