Bonde lipi la Himalaya ulipie: Tsum, Langtang, Nar-Phu, Markha au Dolpo?

Aliyewahi kufika Uhuru hudhani Himalaya ni Kilimanjaro ileile yenye nauli kubwa zaidi. Kilimanjaro unajilaza kambi ya Barafu, mita 4,673, kwa saa chache tu, unagusa 5,895 alfajiri, na jioni ileile umeshashuka kambi ya Mweka, mita 3,100, pumzi imerudi. Mabonde ya Nepal hayana mteremko wa haraka namna hiyo. Unaingia polepole, unalala juu usiku baada ya usiku, na ukizidiwa ukiwa ndani kabisa, njia ya kutokea ni ileile uliyoingilia, tena kwa miguu.

Kwa hiyo mpangilio huu nimeufanya kwa swali moja kwanza: ratiba inayouzwa inaupa mwili siku za kutosha kuzoea kimo? Bei na mandhari vinakuja baadaye. Kampuni zinagombania wateja kwa bei, na njia nyepesi ya kushusha bei ni kukata siku, maana kila siku iliyokatwa ni ujira wa kiongozi, chakula na kitanda vilivyookolewa. Kwenye tangazo hutaiona. Picha ni zilezile, jina la bonde ni lilelile, ila safari ya siku kumi na nne imegeuka ya siku kumi na moja.

Kipimo ni hiki: ukishavuka mita 3,000, kimo cha kulala kisipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya kupumzika. Mwombe muuzaji ratiba yenye kimo cha kila mahali utakapolala. Akikutumia majina ya vijiji bila mita, mwombe tena. Akikwepa mara ya pili, tafuta mwingine.

1. Tsum

Liko kaskazini mwa wilaya ya Gorkha, Nepal, likipakana na Tibet, na wageni waliruhusiwa kuingia mwaka 2008. Nimeliweka la kwanza kwa sababu njia yenyewe inakulinda. Unaanzia Machha Khola, chini ya mita 1,000, kwenye joto na ndizi. Unapita Jagat, halafu Lokpa, hapo unaiacha njia ya kuzunguka mlima Manaslu na kukata kuingia Tsum. Chumling ni kama mita 2,400, Chhekampar kama 3,000, Nile kama 3,360, na Mu Gompa, monasteri ya mwisho kabla ya mpaka, kama 3,700. Hesabu mwenyewe: hakuna usiku unaoruka vibaya. Ni nadra kupata njia ya Himalaya ambayo hata muuzaji mwenye haraka hawezi kuiharibu sana.

Wenyeji ni Wabudha, na kwao Tsum ni beyul, bonde la maficho matakatifu. Tangu karibu karne moja iliyopita walikula kiapo cha kutoua mnyama humo, kwa hiyo usitegemee nyama. Utakula wali na dengu mpaka uzoee, kisha utaupenda. Malazi ni vyumba vya kawaida vya mbao na nyumba za wenyeji. Anayetaka maji ya moto kila jioni atapata tabu.

Kibali chake ni nafuu kuliko vingi vya maeneo yenye masharti: kwa viwango vilivyozoeleka, dola 40 kwa wiki kuanzia Septemba hadi Novemba na dola 30 miezi mingine, pamoja na ada ya hifadhi ya Manaslu, rupia 3,000 za Nepal. Kwa kampuni ya Kathmandu, kifurushi cha wiki mbili mara nyingi huangukia kati ya dola 1,100 na 1,700 kwa mtu, bila nauli ya ndege ya kimataifa. Ukiwa na wiki ya ziada na mapafu mazuri, unganisha na mzunguko wa Manaslu kupitia Larkya La, kipito kilicho juu ya mita 5,100. Hapo kibali cha Manaslu kinaongezeka, dola 100 kwa wiki msimu wa vuli.

2. Langtang

Hili ndilo la bei ya chini, na kwa mwenye likizo ya siku kumi tu ndilo lenye akili. Kutoka Kathmandu ni siku moja ya gari hadi Syabrubesi, huhitaji kibali cha eneo lenye masharti, unalipa tu kiingilio cha hifadhi ya taifa, rupia 3,000, na kadi ya TIMS, yaani ya kusajili watembeaji wa milimani. Kifurushi kinaweza kuanzia dola 500 au 600.

Kasoro yake ni mwendo. Ratiba nyingi zinakulaza Lama Hotel, karibu mita 2,450, na usiku unaofuata kijiji cha Langtang, mita 3,430. Hiyo ni mita 980 kwa siku moja, na ndipo kichwa kinapoanza kugonga. Dai usiku mmoja Ghoda Tabela au Thangshyap, katikati ya njia. Ukifika Kyanjin Gompa, mita 3,870, lala angalau usiku mara mbili kabla ya kupanda Tserko Ri, kilele kilicho juu ya kijiji hicho.

Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko lenye ukubwa wa 7.8 liliangusha barafu na mawe juu ya kijiji cha Langtang na kukifukia karibu chote, watu zaidi ya 300 wakapoteza maisha. Kijiji kimejengwa upya kando ya kifusi. Fedha unayoacha kwenye nyumba za wageni pale inaingia moja kwa moja mikononi mwa familia zilizobaki, na kwangu hiyo ni sababu halali ya kulipendelea.

3. Nar-Phu

Hapa tunaingia kwa watu waliokwisha kulala juu ya mita 4,000 na wanaujua mwili wao. Bonde liko wilaya ya Manang, nyuma ya milima ya Annapurna, lina vijiji viwili vya mawe, Phu na Nar, vyote juu kidogo ya mita 4,000, na unatoka kwa kuvuka kipito cha Kang La, mita 5,320. Kwa uzuri ningeliweka la kwanza. Tatizo ni siku ya kwanza: kutoka Koto, mita 2,600, wengi wanapelekwa moja kwa moja hadi Meta, mita 3,560. Kuna kituo cha Dharmasala njiani, karibu mita 3,200. Muulize muuzaji kwa nini hakukitumia. Jibu lake litakuonyesha kama ameshawahi kuifikiria afya ya mteja. Kibali ni dola 100 kwa wiki msimu wa vuli, 75 nje ya msimu.

4. Markha, Ladakh

Hili liko India, na nimelileta kwa ajili ya wanaopata likizo Julai na Agosti, wakati Nepal iko kwenye mvua za monsuni, njia zinateleza na ruba wamejaa. Ladakh iko upande ambao milima imeikinga mvua hizo. Unalala kwenye nyumba za wenyeji Skiu, Markha na Hankar, kisha unavuka Kongmaru La, zaidi ya mita 5,200. Nimelishusha kwa mambo mawili. Barabara imeshaingia sehemu ya chini ya bonde, hivyo upweke umepungua. Na ndege kutoka Delhi inakutua Leh, mita 3,500, kwa saa moja na nusu tu. Ratiba isiyo na siku mbili tatu za kukaa Leh bila kufanya lolote, iache.

5. Dolpo ya Juu

Ya mwisho kwa mfuko, si kwa hadhi. Ziwa Phoksundo, Shey Gompa, vipito vya zaidi ya mita 5,000, wiki tatu hadi nne za hema, wapishi na nyumbu wa mizigo. Kibali peke yake kwa miaka mingi kilikuwa dola 500 kwa siku kumi za kwanza, na kifurushi kizima hupita dola 3,500 bila shida. Ndege ndogo ya Nepalgunj hadi Juphal huahirishwa hali ya hewa ikichafuka, kwa hiyo asiye na siku za akiba asiinunue.

Khumbu, njia ya kambi ya Everest, haimo kwenye orodha kwa sababu bonde lenye foleni na maduka ya keki siliiti la mbali tena. Bhutan nayo inatoza mgeni mtu mzima kutoka nchi kama Kenya na Tanzania dola 100 kwa usiku kabla hujalipia chochote kingine.

Ununue kwa nani

Tsum, Nar-Phu na Dolpo haziingiliki bila kampuni iliyosajiliwa Nepal na kiongozi mwenye leseni, kwa hiyo kijana wa Thamel, mtaa wa watalii wa Kathmandu, anayekuambia atakupeleka mwenyewe kwa nusu bei hawezi kukutolea kibali kihalali. Kwa miaka mingi kulikuwa na sharti la watu wawili au zaidi pia. Msafiri wa peke yake aulize mapema utaratibu wa msimu husika. Hata Langtang, tangu tarehe 1 Aprili 2023 Bodi ya Utalii ya Nepal inataka mgeni awe na kiongozi.

Kampuni za Ulaya na Marekani mara nyingi hutoza mara mbili ya zile za Kathmandu, na mara nyingi zinawatumia watu walewale. Unacholipia zaidi ni mkataba unaoweza kuushtaki nyumbani kwao. Kwa anayetoka Nairobi au Dar sioni faida yake.

Uliza kuhusu wapagazi. Miongozo ya kimataifa ya kuwalinda inaweka kilo 20 kwa Kilimanjaro na 30 kwa Nepal, lakini kwenye mabonde haya hutakuta mizani getini kama Machame. Taka jibu la maandishi: mpagazi mmoja anabeba mizigo ya wageni wangapi, ana bima, ana koti na viatu? Mpagazi mmoja kwa wageni wawili, kila begi kilo 10 hadi 12, ni utaratibu wa heshima.

Bima yako itaje kwa maandishi kutembea hadi mita 6,000 na uokoaji wa helikopta. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza utapeli ambapo wageni wenye maumivu madogo walisukumwa kupanda helikopta ili waokoaji, mawakala na hospitali wagawane fedha za bima. Panga mapema kwamba simu ya kwanza inapigwa kwa kampuni ya bima. Lakini mtu anayeyumba akitembea, anayechanganyikiwa au anayekosa pumzi akiwa amekaa, ateremshwe wakati huohuo, hata usiku. Hapo hakuna cha kusubiri simu. Kuhusu Diamox, dawa ya kusaidia mwili kuzoea kimo, ongea na daktari kabla ya safari, maana si kila mtu anaruhusiwa kuitumia, na haifidii siku zilizokatwa.

Viza ya Nepal hupatikana uwanja wa Tribhuvan kwa wasafiri wa nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwemo: dola 50 kwa siku 30. Beba kadi ya manjano ya homa ya manjano. Koti zito na mfuko wa kulalia kodi Thamel badala ya kununua Nairobi kwa bei ya kuumiza.

Kwa Oktoba na Novemba, miezi yenye anga safi kuliko yote, lipa amana kufikia Juni, asilimia 10 hadi 20 na si zaidi, salio ulipe Kathmandu baada ya kukutana na kiongozi wako na kuiona leseni yake. Machi hadi Mei kuna nafasi zaidi na bei inazungumzika. Ukipata punguzo, usilichukue kama fedha. Mwambie muuzaji alibadilishe kuwa siku moja ya ziada ya kulala juu.