Mapitio ya Sefaria: Maktaba ya Kiyahudi kwa Anayetaka Kujifunza Unyenyekevu

Sefaria ni maktaba ya maandiko ya Kiyahudi isiyotoza ada, inayopatikana kwenye tovuti na kwenye programu ya simu. Ilianzishwa mwaka 2011 na mwandishi Joshua Foer pamoja na mhandisi Brett Lockspeiser, na inaendeshwa na shirika lisilolenga faida. Yapo mambo mengi ambayo mtu angeweza kuipimia. Mimi nimeipima kwa jambo ambalo limenishughulisha kwa muda mrefu, nalo ni jinsi Wayahudi wanavyoufundisha unyenyekevu huku wakijua fika kwamba hata mcha Mungu hupenda kusifiwa. Kwa kazi hiyo sijaona huduma inayoikaribia, ingawa ina upungufu ambao anayeitumia kwa ajili ya roho yake, na si kwa ajili ya mtihani, anapaswa kuujua mapema.

Nguvu yake kuu ni namna inavyoyaunganisha maandiko. Msomaji akigusa mstari, tuseme Hesabu 12:3 ambapo Musa anatajwa kuwa mnyenyekevu kuliko wanadamu wote, pembeni hufunguka orodha ya maandiko yanayouhusu mstari huo: ufafanuzi wa Rashi, mfafanuzi wa Biblia wa karne ya 11, Talmudi, yaani mkusanyo mkubwa wa mijadala ya wahenga, sheria, na vitabu vya maadili vya karne za baadaye. Katika maktaba ya karatasi kazi hiyo ingehitaji meza pana, rafu nzima ya vitabu, na mwalimu anayekumbuka kila neno lilipo. Somo hili linauhitaji mpangilio huo kuliko masomo mengi, kwa sababu wahenga wa Kiyahudi hawakutoa jibu moja kuhusu heshima. Walibishana, na mabishano yao hayaeleweki mpaka maneno ya kila upande yawekwe mahali pamoja.

Mfano bora ni sehemu ya Talmudi iitwayo Sota. Kwenye ukurasa wa 5a yamo maoni kwamba mwanachuoni wa Torati anahitaji majivuno kidogo, sehemu ya nane ya sehemu ya nane, naye Rav Nahman bar Yitzhak anakataa: asiwe nayo hata chembe. Maimonides, mwanasheria na mwanafalsafa wa karne ya 12, ambaye katika sheria zake za tabia anaisifu njia ya kati, anapofika kwenye kiburi anaiacha njia hiyo na kumtaka mtu aende mpaka ukingoni, awe mnyonge wa roho kabisa. Kisha, mwishoni mwa Sota hiyo hiyo, 49b, Mishna, mkusanyo wa sheria ambao Talmudi huufafanua, inasema kwamba alipofariki Rabi Yehuda ha-Nasi unyenyekevu ulikoma, na Rav Yosef anamwagiza anayeisoma asiutaje unyenyekevu, kwa kuwa yeye mwenyewe, Rav Yosef, bado yupo. Maneno hayo hushtua. Hata hivyo, ukiyasoma sambamba na yale ya Rabban Yohanan ben Zakkai katika Avot 2:8, sehemu ya Mishna yenye mausia ya wahenga, kwamba aliyejifunza Torati nyingi asijidaie sifa kwa kuwa aliumbwa kwa ajili hiyo, utamwona Rav Yosef kwa jicho jingine: mtu anayekijua alicho nacho na kukitaja bila kukidai kuwa deni kwa watu. Huo ni usomaji wangu, na nisingeufikia kama maandiko haya mawili yangebaki katika vitabu viwili vilivyofungwa.

Aliyeandika kwa ukali zaidi kuhusu tamaa ya kutambuliwa ni Moshe Chaim Luzzatto, mzaliwa wa Padova, ambaye kitabu chake Mesillat Yesharim kilichapishwa Amsterdam mwaka 1740. Sura ya 11 inapaswa kusomwa polepole. Anasema mtu anaweza kuishinda tamaa ya mali na ya anasa nyingine, lakini heshima humsukuma, kwa sababu hawezi kuvumilia kujiona yuko chini ya wenzake. Anamtaja Yeroboamu, mfalme wa Israeli, ambaye kwa mapokeo ya Talmudi aliahidiwa kutembea peponi pamoja na Mungu na mwana wa Yese, yaani Daudi, akauliza nani atatangulia, na alipoambiwa ni mwana wa Yese, akakataa. Kisha anawachambua wenye kiburi wa kila aina, hadi kumfikia yule ninayemwona kuwa hatari kuliko wote: anayetaka unyenyekevu nao uhesabiwe miongoni mwa sifa zake, akavikataa vyeo na kuketi na walio chini yake, huku moyoni akisema kwamba hakuna kama yeye katika nchi nzima.

Baada ya sura hiyo msomaji huanza kuyaona majina yaliyoandikwa kwenye maktaba yenyewe. Talmudi ya Sefaria, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2017 ikiwa na tafsiri ya Kiingereza inayotokana na kazi ya Rabi Adin Steinsaltz, inaitwa kwa jina la William Davidson, tajiri wa Marekani ambaye wakfu wake uligharamia kazi hiyo. Je, jina la mfadhili linastahili kukaa juu ya kurasa zinazolaani majivuno? Jibu limo humo humo. Rabi Moshe Isserles wa Krakow, katika maelezo yake juu ya Shulhan Aruh, kitabu kikuu cha sheria za Kiyahudi, sehemu ya Yoreh Deah 249:13, anakataza mtu kujisifu kwa sadaka, kisha anaruhusu aliyetoa kitu aandikwe jina lake juu yake liwe ukumbusho, na anaona inafaa kufanya hivyo. Naona ni uamuzi wa busara, kwa sababu unalinda shukrani ya watu bila kumpa mtoaji ruhusa ya kujitangaza.

Upungufu ni wa aina mbili. Wa kwanza ni lugha: huduma imejengwa juu ya Kiebrania na Kiingereza, na asiyesoma mojawapo vizuri atachoka haraka. Wa pili ni mzito zaidi. Walimu wa Musar, harakati ya Kiyahudi ya kulea tabia, hawakuufundisha unyenyekevu kwa kusoma peke yake. Katika yeshiva, yaani shule ya Torati, ya Novardok, iliyoanzishwa na Yosef Yozel Horwitz mwaka 1896, inasimuliwa kwamba wanafunzi walitumwa kwenye duka la dawa kuomba misumari, ili wazoee kuchekwa. Skrini haiwezi kumfanya mtu akucheke, wala haikuulizi kwa nini umekasirika ulipokosolewa.

Kwa hiyo naipendekeza Sefaria kwa watu wawili wanaosoma pamoja, kama ilivyo desturi ya havruta, kuliko kwa msomaji mmoja. Waanze na Eruvin 13b, panapoelezwa kwamba shule ya Hillel ilipewa uamuzi wa sheria kwa sababu walikuwa wapole, walifundisha pia maneno ya wapinzani wao, shule ya Shammai, na waliyatanguliza hayo kabla ya yao. Kisha wahamie sura ya 11 ya Luzzatto, na kila mmoja aeleze hoja ya mwenzake kwanza.