Spika za bei ya kiwanja na spika za bei ya kawaida: nilichosikia High End Munich

Wadau wa muziki mnene, mwezi wa tano 2025 nilipita High End pale Munich, haya ndo maonyesho makubwa ya redio za nyumbani huku Ulaya, yalikuwa yanafanyika ukumbi wa MOC, unapanda treni ya U6 unashuka Kieferngarten unatembea kidogo umefika. Yalikaa Munich tangu 2004 ila hii ndo ilikuwa ya mwisho, kuanzia Juni 2026 makao yake ni Vienna, kwahiyo kwa sisi wa Ujerumani kusini ilikuwa sasa au basi tena.

Mi sikwenda kushangaa nikeli. Nilikwenda na swali moja tu, ukitoa mbwembwe zote, hela nyingi inaongeza nini masikioni? Nikabeba flashi yenye taarab ya zamani ya Unguja (ala zake kanuni ile ya nyuzi, fidla, dumbaki), rumba moja yenye sebene ndefu na bongo fleva ya sasa hivi yenye besi la kushindilia. Maana hawa jamaa wa vyumba vya bei mbaya (pale kampuni zinapiga spika zao kwenye vyumba) wana tabia moja, wanapiga nyimbo za dada anaimba polepole na gitaa moja, na wimbo wa hivyo hata redio ya jikoni inautoa vizuri. Wengine ukiwapa flashi wanakuangalia juu mpaka chini, wengine wanafurahi kabisa, chumba kimoja kanuni ilivyoanza kulia yule mzee wa Kijerumani akasogeza kiti mbele akaniuliza hicho chombo ni nini.

Nianze na upande wa wenzangu na mimi. Waandaaji wana mpango wao unaitwa "sounds clever", chumba kikiwa na alama hiyo ujue seti nzima, yani spika, amplifaya, cha kupigia muziki na waya, haizidi euro 5,000. Najua najua, hiyo ni karibu milioni 15 za kwetu na mtu ananunua bodaboda kadhaa hapo, lakini kwa maonyesho haya hiyo ndo bei ya chini, kuna waya tu mule ndani zinazidi hapo (waya! za spika!). Na kiukweli vyumba hivi ndo vilinifurahisha zaidi. Taarab ilikaa mahali pake, muimbaji katikati, fidla zimejipanga nyuma yake kulia na kushoto, dumbaki unasikia kiganja kikigusa ngozi. Kama ungenifumba macho ukaniambia hizi za euro elfu 40 ningekubali mpaka pale besi la bongo fleva lilipoingia. Hapo ndo udogo unaonekana, spika yenye wufa (ile koni ya besi) ya inchi 5 au 6 gitaa la besi unalisikia vizuri ila hulisikii kifuani.

Na hili la bei ndogo kutoa sauti nzuri sio miujiza. Kuna injinia anaitwa Andrew Jones, huyo alitengeneza spika za kampuni ya TAD za makumi ya maelfu ya dola, halafu mtu huyohuyo akatengeneza za Pioneer za dola mia na kitu kwa pea, baadae Debut za ELAC ambazo nazo ni za mtu wa kawaida. Ujuzi ni uleule, kilichopungua ni ukubwa wa boksi, vifaa ghali vya ndani na umaridadi wa mbao. Amplifaya nazo zimeshuka balaa, zile ndogo za class D (aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto) zenye chip ya Texas Instruments unapata chini ya dola 150 na zinasukuma spika za sebuleni bila jasho.

Sasa wakubwa. Kampuni ya MBL ya Berlin wana spika haina uso, Radialstrahler wanaiita, imekaa kama tikiti lililosimama wima limepasuliwa vipande, inatoa sauti pande zote nyuzi 360. Ukitembea chumbani bendi haihami, imesimama palepale, na hiki hakuna cha euro 5,000 nilichokisikia kikifanya. Hapo nikakubali hela imefanya kazi.

Halafu spika za honi za kampuni ya Avantgarde, ukoo mmoja na zile za msikitini ila hizi zina mdomo mkubwa kama nini sijui na bei haisemeki. Hapa ni fizikia: spika ndogo nyingi zinatoa dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 hivi kwa wati moja, hizi zinafika hata 105 na zaidi, na kila dB 3 unazotaka kuongeza lazima wati ziwe mara mbili, kwahiyo pengo la dB 20 ni wati mara 100. Honi inapotumia wati 2 kaspika kadogo kangedai 200 na kangeungua. Ndo maana sebene ilipopanda pale ilipanda kweli, gitaa zinapishana hakuna kinachobanwa, nilikuwa nacheza kwenye kiti mwenyewe.

Lakini kuna chumba, jina naliacha, seti ya bei ya nyumba na besi lilikuwa linavuma noti moja tu mwanzo mwisho hadi kichwa kikauma. Tatizo chumba. Vyumba vya juu MOC vina ukuta wa vioo, asiyeweka mapazia na mapanelo ya kunyonya sauti ameumia. Pia macho yanadanganya, watafiti wa sauti Toole na Olive walilipima hili 1994, watu walewale wakisikiliza spika zilezile, wakiziona maksi zinabadilika na zisipoonekana zinabadilika tena. Mule ndani kila kitu kinaonekana na kina taa juu yake hahaha.

Maksi zangu: vyumba vya chini ya 5,000 nawapa 9, MBL 9, honi 8 (sebule yangu haziingii hata mlangoni), wengi wa katikati, wale wa euro elfu 15 mpaka 40, nawapa 6 maana unalipia mbao na jina.

Kwa walioko Dar wanaouliza wanunue nini, ile hela ya sabufa kubwa ya Kariakoo yenye taa za disko tafuta spika mbili za maana hata za mtumba na kiamplifaya cha class D, halafu tandika zulia zito na weka pazia, sebule za tailizi na madirisha makubwa zinaua muziki kuliko spika yoyote ya bei rahisi. Spika usizibandike ukutani, zisogeze mbele kidogo, besi litatulia bila kutoa hata mia.