Kipimamvua cha plastiki cha inchi 4, baada ya misimu mitatu uani kwangu

Nakaa Fort Collins, Colorado, na kipimamvua hiki nimekifunga kwenye nguzo ya uzio huu mwaka wa tatu. Nawaandikia mnaofikiria kukinunua.

Kina kopo la nje lenye mdomo wa inchi 4, faneli juu yake, na mrija mwembamba ndani. Eneo la mdomo ni mara kumi ya eneo la mrija, kwa hiyo inchi moja ya mvua husimama inchi kumi mrijani, nawe unasoma hadi sehemu ya mia ya inchi bila miwani. Mrija ukijaa, yanayozidi humwagikia kwenye kopo. Unayamimina tena mrijani na kuyapima. Jumla kinabeba inchi 11. Baba yangu kule Njombe alikuwa akifukua shamba kwa jembe aone unyevu umeshuka vidole vingapi. Kingemfaa sana.

Aliyenifanya nikinunue ni Nolan Doesken, mtaalamu wa hali ya hewa aliyefanya kazi miaka mingi Chuo Kikuu cha Colorado State hapahapa mjini, akawa pia mtaalamu wa tabianchi wa jimbo hadi alipostaafu 2017. Usiku wa 28 Julai 1997 kijito cha Spring Creek kilifurika na watu watano wakafa. Magharibi ya mji zilianguka zaidi ya inchi 14 kwa muda wa saa 31 hivi. Mitaa ya upande wa pili ilipata sehemu ndogo tu ya hizo. Chuo kina kituo kilichoandika hali ya hewa tangu karne ya 19, lakini kituo kimoja hakiwezi kuona mvua ya mtaa wa mbali. Mwaka uliofuata Doesken akaanzisha CoCoRaHS, mtandao wa kupima mvua: watu wa kawaida, kila mmoja na kipimamvua cha aina hii uani, wanasoma asubuhi na kutuma. Leo mtandao huo umeenea majimbo yote 50 na umevuka hadi Kanada. Mimi nahudumia wazee, sina shahada ya sayansi yoyote, na namba zangu zinapokelewa sawa na za mwenye shahada. Hilo linanigusa kila ninapoliwaza.

Hata siku kavu unatuma sifuri. Mwanzoni niliziruka, kisha nikaelewa: pasipo sifuri, anayesoma ramani ya mvua ya mtandao hajui kama hapakunyesha au nililala.

Upungufu wake ni baridi. Oktoba ya kwanza niliacha maji mrijani, yakaganda, mrija ukapasuka. Toa faneli na mrija mapema; theluji iangukie kwenye kopo, uiyeyushe kwa maji ya uvuguvugu uliyoyapima, kisha uyatoe kwenye hesabu. Upepo ukivuma sana, theluji nyingi hupita juu bila kuingia. Changu kina alama za inchi tu, na aliyezoea milimita atazidisha kwa 25.4. Kibano cha kukishikia kwenye nguzo ni chepesi. Mimi nimeongeza skrubu mbili.

Usikitundike chini ya mti wala ukingoni mwa paa. Nililipa dola thelathini na kitu, na mrija wa akiba huuzwa peke yake. Nimeshaagiza kingine cha dada yangu, anayekaa ng'ambo ya mji, ambako mara nyingi hunyesha kwake kwangu kukiwa na jua.