Starta ya gia kwenye Massey Ferguson 135: inatibu nini, haitibu nini

Starta za gia zinazouzwa badala ya starta ya asili ya Lucas kwa Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins AD3.152 zinastahili nyota nne kati ya tano, kwa sharti moja: mwenye trekta awe amethibitisha kwamba linalolizuia kuwaka asubuhi ya baridi ni mzunguko mzito, yaani starta inazungusha injini polepole mno. Ukiifunga kwenye trekta linaloingiza hewa kwenye dizeli usiku, utapata injini inayozunguka kwa raha bila kuwaka, na betri itakwisha vilevile.

Injini hii ni ya silinda 3, lita 2.5, na hunyunyiza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Haina plagi ya moto kwenye kila silinda, kwa hiyo joto la kuwasha dizeli linatoka karibu lote kwenye mbano wa hewa. Pistoni ikipanda polepole, hewa inapata muda wa kupenya kwenye ringi, na joto lake linanyonywa na kuta za silinda zilizopoa. Ikifika juu, dizeli inakuta hewa vuguvugu na kugeuka moshi mweupe. Chini ya mizunguko 100 kwa dakika usitegemee kitu asubuhi ya baridi. Ikifika 150, injini ambayo ringi zake bado zina uhai inashika.

Lucas ya zamani huzungusha bendiksi (gia ndogo inayouma meno ya injini) moja kwa moja kutoka kwenye amecha, yaani sehemu ya mota inayozunguka. Starta ya gia ina mota ndogo inayokimbia sana, halafu gia za ndani hupunguza mwendo mara 3 au 4 kabla nguvu haijafika kwenye flaiwili, gurudumu zito la injini lenye pete ya meno. Unapata msukumo mkubwa kwa ampea chache, chuma chepesi zaidi cha kushika kwa mkono mmoja huku mwingine ukitafuta uzi wa boliti, na volti za betri haziporomoki sana wakati wa kupiga starta. Hilo la mwisho ndilo linalotufanya tuisifu, maana Thermostart, kipasha joto cha hewa inayoingia kwenye injini, kinakula umeme wa betri hiyo hiyo.

Kabla ya kutoa pesa, mtu mmoja apige starta na mwingine atazame bomba la moshi. Moshi mweupe mzito maana yake dizeli inafika lakini haichomeki: hapo mshukiwa ni mzunguko mzito, Thermostart, au mbano uliochoka. Bomba lisipotoa moshi wowote, dizeli haifiki kwenye silinda, na starta mpya haitabadilisha chochote. Angalia pia kama kivuta cha kuzimia injini kimerudi ndani kabisa. Kikikwama nje kidogo tu, pampu haitoi dizeli, na watu wameshafungua pampu nzima kwa sababu ya waya uliojaa kutu.

Kisha chukua mita ya umeme. Vuta kivuta cha kuzimia ili injini isiwake, piga starta, na usome volti kwenye vichwa vya betri vyenyewe, si kwenye vibano vya nyaya. Betri nzima isishuke chini ya volti 10 hivi. Ikishuka hadi 8, betri imechoka au starta inakula umeme kupita kiasi. Baada ya hapo weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye nati kubwa ya starta, upige tena. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya huo unakuibia. Fanya vivyo hivyo kutoka kichwa hasi hadi kwenye bodi ya starta: hapo zaidi ya volti 0.3 ni nyingi. Kwenye trekta kuukuu upande wa athi, yaani waya unaokwenda kwenye chuma cha trekta, ndio hukosea mara nyingi zaidi, kwa sababu waya umefungwa kwenye chuma chenye rangi na kutu, mbali na injini. Nyaya zote mbili ziwe za milimita za mraba 50 au zaidi, na athi ihamishiwe kwenye boliti mojawapo inayoshika starta, chuma kikiwa kimesuguliwa hadi king'ae. Matrekta mengi yanapona hapa hapa, na starta ya gia inabaki dukani.

Lucas nayo usiitupe kabla ya kuifungua. Bushi zake zikilika, amecha inashuka na kukwaruza vyuma vya koili, na starta inakuwa nzito na kupata moto. Alama zake ni mikwaruzo inayong'aa upande mmoja wa amecha. Bushi mpya na brashi mpya zinairudisha kazini, na fundi yeyote wa umeme wa magari anaziweza. Starta ya gia haina faida hiyo: gia za ndani zikivunjika, mara nyingi unanunua nzima. Ndiyo sababu ya nyota moja tuliyoikata, pamoja na rangi nene ambayo baadhi ya watengenezaji wanapaka hadi kwenye uso wa kufungia. Uso huo ndio njia ya athi. Usugue.

Kwenye kufunga, toa kwanza waya hasi wa betri. Linganisha meno ya bendiksi ya zamani na mpya, yahesabu, usiamini maandishi ya boksi. Starta ikishatoka, chungulia meno ya flaiwili kwa tochi huku mwenzako akizungusha injini kwa spana kwenye puli. Injini ya silinda 3 husimama karibu kila mara katika sehemu tatu zile zile za mzunguko, kwa hiyo meno huliwa katika sehemu hizo tatu na kwingine yanabaki mazima. Starta mpya kwenye meno yaliyolika itakwaruza na kuruka, kisha lawama zitaenda kwa starta. Kama meno yamebaki nusu, pete ya flaiwili inabidi ibadilishwe, na hiyo ni kazi ya kulitenganisha trekta katikati. Bora ujue kabla.

Kuna mambo mawili ya umeme ambayo maelezo ya ndani ya boksi huyapitia juu juu. La kwanza ni mwelekeo wa betri. Baadhi ya matrekta ya umri huo, hasa yenye dainamo, yalifungwa chanya kwenye bodi. Lucas yenye koili za sumaku haijali, inazunguka upande ule ule hata ukigeuza nyaya. Starta ya gia yenye sumaku za kudumu itazunguka kinyume. Hakikisha hasi ndiyo iko kwenye bodi, na kama sivyo, ugeuzaji wa mfumo mzima uje kabla ya starta, dainamo ikiwa imepewa mwelekeo mpya.

La pili ni solenoidi. Solenoidi ya starta hizi, yaani sumaku ya umeme inayosukuma bendiksi na kuunganisha umeme mkubwa, inavuta ampea nyingi inapojikaza, na swichi ya ufunguo iliyochoka pamoja na waya mwembamba unaopita kwenye swichi ya usalama ya leva ya gia haviwezi kuzipitisha. Ndipo unasikia "ta, ta, ta" na mtu anarudisha starta nzima dukani. Weka relei ya volti 12, ampea 40: waya wa zamani wa ufunguo uwashe relei tu, na solenoidi ilishwe kwa waya wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye nati kubwa ya starta, wenye fyuzi. Swichi ya usalama usiiruke. Trekta lililowaka likiwa kwenye gia linampanda aliyesimama mbele ya tairi.

Starta ikiwa imekaa sawa, injini itazunguka kwa sauti nyembamba na ya haraka kuliko uliyoizoea. Masikio yasikudanganye: sauti hiyo ni ya mota ya ndani, si ya injini. Pima mizunguko kwenye puli kama una kifaa.

Sasa yale ambayo starta haitibu. Thermostart imefungwa kwenye manifoldi ya hewa na ina kitanki kidogo cha dizeli juu yake. Umeme unapopita, koili inapata moto, vali ndani yake inafunguka, dizeli inadondoka na kuwaka, na moto huo unapasha hewa inayoingia. Fungua bomba lake dogo: dizeli lazima idondoke yenyewe. Likiwa kavu, koili inaungua bure, na ndivyo nyingi zinavyokufa. Ikiwa dizeli ipo, shika ufunguo kwenye nafasi ya joto sekunde 15 hadi 20 na uguse manifoldi. Isipokuwa na joto lolote, pima kama volti 12 zinafika kwenye waya wake. Umeme ukifika na manifoldi ikabaki baridi, badilisha. Thermostart inayovuja nayo ina dalili yake: wingu jeupe la dakika moja mbili baada ya kuwaka, hata siku ya joto.

Hewa kwenye dizeli inajulikana kwa tabia: asubuhi trekta linasumbua, mchana likizimwa dakika kumi linawaka papo hapo. Usiku dizeli imerudi kwenye tanki. Funga kipande cha hosi inayopitisha mwanga kati ya filta na pampu, uangalie mapovu. Wahalifu wa kawaida ni gasketi ya kikombe cha kioo cha pampu ya kunyonyea, washa za shaba zilizokwisha kubanwa mara nyingi, na mpira wa filta ya dizeli ya CAV uliokunjwa wakati wa kufunga. Boliti ya katikati ya filta ikazwe kwa kiasi. Anayeikaza kwa spana iliyorefushwa kwa bomba anapasua kichwa cha alumini.

Kutoa hewa hiyo kuna mpangilio wake. Piga pampu ya kunyonyea kwa kileva chake cha mkono hadi dizeli isiyo na povu itoke kwenye skrubu ya filta, kisha skrubu ya ubavuni mwa pampu ya CAV inayolisha nozeli, kisha ile ya juu kwenye kifuniko cha gavana, kidhibiti mwendo cha pampu hiyo. Kileva kikiwa kilegevu bila nguvu, kamu imesimama vibaya: zungusha injini raundi moja, ujaribu tena. Mwisho legeza nati za mabomba mawili ya nozeli, fungua mafuta yote, piga starta hadi dizeli itoke kwa kuruka, ukaze. Vidole viwe mbali na mabomba hayo.

Ukishamaliza yote, piga starta kwa sekunde 10, uiache ipoe nusu dakika, ndipo upige tena. Starta za gia zina mwili mdogo na joto halina pa kwenda. Na kopo la etha libaki mbali na trekta hili: Thermostart ikiwa na moto, etha inalipuka ndani ya manifoldi, na bila Thermostart bado inapiga pistoni kabla ya wakati na kuvunja ringi zile zile unazozitegemea kwa mbano.