Nimeuza mashua, nimebaki na boti ya mpira

Misimu mitatu nilivua mtoni kwa ile mashua ya kuteremka na mkondo, yenye chini bapa na ncha zilizopinda juu kama ndizi. Umbo hilo lilikuzwa kwenye mto McKenzie kule Oregon, Marekani. Mwaka huu nimeiuza, nikanunua boti ya mpira ya futi 13 yenye fremu ya alumini.

Kilichonishinda ni mawe. Maji yakipungua, mashua yangu, nayo ya alumini, ikigusa mwamba tu inang'ang'ania. Nashuka, maji magotini, nasukuma, na ule mkwaruzo samaki wote wameshausikia. Boti ya mpira inagonga, inadunda, inazunguka kidogo, safari inaendelea. Sakafu yake ina matundu pembeni, maji yanayoingia yanatoka yenyewe, kwa hiyo kopo la kufulia maji siku hizi linakaa nyumbani. Wala haihitaji njia ya trela: tunaibeba watu wawili, tunaiteremsha popote ukingo unapofikika.

Ila upepo! Boti inakaa juu ya maji kama puto. Upepo ukitoka mbele, unavuta makasia mpaka mabega yanawaka moto, ukitazama mti wa ng'ambo, bado uko palepale. Mashua ilikuwa na utii. Unakaa ukitazama uendako, unavuta kinyume cha mkondo kupunguza mwendo, kasia moja tu na omo limeshageuka. Mvuvi anasimama mbele, mapaja kwenye kiegemeo, anarusha mshipi bila wasiwasi. Kwenye mpira wangu sakafu inabonyea, na ukisimama unacheza ngoma usiyoitaka.

Jambo ambalo muuzaji hakunitajia ni jua. Asubuhi niliijaza mpaka ikawa ngumu, mchana nikaivuta mchangani tule. Niliporudi ilikuwa imekaza kama ngoma, kidole hakizami hata kidogo. Nikafungua vali haraka, hewa ikatoka kwa mluzi. Kurudi kwenye maji baridi, ikalegea, nikashika pampu tena. Pia usiikunje ikiwa mbichi. Mimi nilifanya hivyo mara moja, na harufu ya ukungu bado ipo.

Mwenzangu ninayevua naye kakataa kuachana na mashua yake ya mbao. Mto ukijaa naenda naye, na sioni haya kuwahi kiti cha mbele.